Mkataba wa Mali kabla au baada ya Ndoa: Namna ya Kuamua kama Unauhitaji na Wakati wa Kuufunga

Wachumba wanaosema hawataki mkataba wa mali husahau kwamba siku watakapofunga ndoa watakuwa nao, hata kama hawatatia saini karatasi nyingine yoyote zaidi ya cheti. Sheria ya nchi yao imekwisha kuamua nani anamiliki nini wakiwa pamoja, nani anabeba deni la nani, na mali itagawanywaje wakiachana au mmoja wao akifariki. Mkataba wanaouandika wenyewe, uwe wa kabla ya ndoa au wa baada ya ndoa, kazi yake ni kubadilisha baadhi ya masharti hayo. Kwa sababu hiyo huwezi kujua kama unauhitaji kabla hujajua ungebadilisha nini, na wengi huanzia mwisho: wanamtafuta wakili awaandikie hati kabla ya kuuliza sheria inasemaje wasipoandika chochote.

Hatua ya kwanza: Soma mkataba ambao sheria imekuandikia

Tofauti kati ya nchi na nchi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Nchini Afrika Kusini, wanaofunga ndoa ya kiraia bila mkataba huingia katika ushirika wa mali, yaani karibu kila walichokuwa nacho kabla ya ndoa, pamoja na madeni, kinakuwa cha wote wawili nusu kwa nusu. Nchini Ufaransa, kwa wasioandika mkataba, mali inayochumwa ndani ya ndoa ni ya wote, lakini ile ya kabla ya ndoa na ile ya urithi hubaki ya mwenyewe. Ujerumani kila mmoja hubaki na mali yake, ila talaka ikitokea, ongezeko la utajiri wa kila mmoja tangu siku ya ndoa hupimwa, na aliyeongeza zaidi humlipa mwenzake nusu ya tofauti. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba ndoa yenyewe haibadilishi umiliki wa mali ya mtu, isipokuwa wahusika wamekubaliana vinginevyo. Hata hivyo mahakama ina mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa ni sehemu ya juhudi hizo.

Chukua karatasi moja, uigawe katika sehemu tatu, na uandike kwa maneno yako mwenyewe kitakachotokea kwa mujibu wa sheria inayowahusu katika mambo matatu: talaka, kifo, na mmoja wenu kufilisika. Usipoweza kuijaza, mlipe wakili kwa mazungumzo ya saa moja tu, kabla ya kumpa kazi ya kuandika chochote. Saa hiyo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote mtakazolipia, kwa kuwa wapo watakaotoka wakiwa wameridhika na sheria ilivyo, na safari yao itaishia hapo.

Hatua ya pili: Tafuta pengo kati ya sheria na hali yenu

Mkataba una maana pale tu ambapo matokeo ya kisheria yanapishana na yale ambayo nyinyi wawili mngeyaona kuwa ya haki. Vijana wawili wanaoanza maisha bila mali, bila madeni makubwa na bila watoto, wakiishi katika nchi ambayo sheria yake inagawa kwa usawa walichochuma pamoja, kwa kawaida hawana pengo la kuziba. Wapo pia ambao pengo lao linazibwa na hati nyepesi zaidi: wosia, kuandikisha nyumba kwa majina mawili, au kubadilisha jina la mnufaika katika bima na mafao ya kustaafu. Ni kosa kutumia mkataba wa ndoa kufanya kazi ya wosia, na katika nchi nyingi utahitaji vyote viwili visivyopingana.

Pengo huonekana waziwazi kwa mtu anayeoa au kuolewa mara ya pili huku akiwa na watoto wa ndoa ya kwanza, kwa kuwa bila maandishi sehemu ya mali aliyowakusudia inaweza kwenda kwa mwenzi mpya, na kutoka kwake kwenda kwa warithi wake. Huonekana pia kwa mwenye hisa katika biashara ya familia au ya ubia, ambapo wabia hawataki siku moja kuketi mezani na mtalaka wa mwenzao. Kwa anayeingia katika ndoa akiwa na deni zito, au aliye katika kazi inayoweza kumletea mashtaka ya fidia. Na kwa wachumba wa nchi mbili tofauti, ambao hawana uhakika ni sheria ya nchi ipi itakayowahukumu.

Kuna mmoja ambaye husahauliwa, nami namweka mbele ya wote hao: yule atakayeacha kazi, au kupunguza saa zake za kazi, ili alee watoto au amfuate mwenzake anakohamishiwa. Watu huuona mkataba wa mali kuwa ngao ya tajiri, lakini aliye na sababu kubwa zaidi ya kuudai mara nyingi ni huyu asiye na mali, kwa sababu anatoa kitu kisichoandikwa popote, yaani miaka ya mshahara, ya kupandishwa cheo na ya michango ya uzeeni. Mkataba unaweza kusema kwamba kwa kila mwaka atakaokuwa nje ya ajira, mwenzake atachangia kiasi fulani katika akiba ya uzeeni iliyo kwa jina lake. Ikiwa rasimu uliyopewa inamlinda mwenye mali peke yake na haina hata mstari mmoja wa namna hii, unayo haki ya kuirudisha.

Hatua ya tatu: Panga wakati kabla ya kupanga masharti

Mikataba mingi inayobatilishwa haiangushwi na masharti yake pekee. Inaangushwa pia na tarehe zake. Jaji anayeletewa hati iliyotiwa saini siku chache kabla ya harusi, wageni wakiwa wamekwisha kualikwa, hujiuliza kama aliyesaini alikuwa na nafasi ya kweli ya kukataa. Jimbo la California limeligeuza swali hilo kuwa kanuni: siku zisizopungua 7 lazima zipite tangu mhusika alipokabidhiwa kwa mara ya kwanza mkataba uliokamilika hadi anapousaini. Kwa Uingereza na Wales, Tume ya Sheria ilipendekeza mwaka 2014 kwamba mkataba wa kabla ya ndoa usiwe na nguvu kamili ukisainiwa ndani ya siku 28 kabla ya ndoa. Pendekezo hilo halikuwa sheria, lakini hata kwa mtu anayeishi mbali na huko ni kipimo kizuri.

Mahakama Kuu ya Australia iliamua shauri mwaka 2017 ambalo kila anayetaka mkataba anapaswa kulijua. Mwanamume mwenye mali ya mamilioni ya dola alifahamiana kupitia intaneti na mwanamke aliyekuwa nchi nyingine, ambaye hakuwa na mali yoyote ya maana, na akamleta Australia ili wafunge ndoa. Siku kama 10 kabla ya harusi alimwambia kwamba kuna karatasi za kusaini, na kwamba asiposaini hakutakuwa na ndoa. Wazazi wa mwanamke walikuwa wamekwisha kufika kutoka ng'ambo. Alipelekwa kwa wakili wake mwenyewe, ambaye alimshauri asisaini. Akasaini siku 4 kabla ya harusi, na baada ya harusi akasaini mkataba wa pili wenye masharti karibu yale yale. Mahakama ilibatilisha mikataba yote miwili. Angalia kwamba wakili alikuwapo na ushauri ulikuwa sahihi, lakini havikutosha, kwa sababu wakati ule mwanamke yule hakuwa na njia ya kurudi nyuma.

Linganisha na shauri la Radmacher, ambalo Mahakama ya Juu ya Uingereza ililiamua mwaka 2010. Mkataba ulisainiwa Ujerumani zaidi ya miezi 3 kabla ya ndoa. Mume hakuwa na wakili wake, wala hakuonyeshwa orodha ya mali za mke, mambo mawili ambayo kwa kawaida yangeuangusha mkataba. Lakini alikuwa mtaalamu wa benki, aliyejua kwamba mkewe anatoka katika familia tajiri, na hakusukumwa na mtu. Mahakama ilisema mkataba uliofungwa kwa hiari, kila upande ukielewa vyema matokeo yake, unapaswa kuheshimiwa isipokuwa pale ambapo kuwafunga wahusika nao hakutakuwa haki. Sikushauri umwige kwa kukosa wakili. Ninachotaka ukione ni uzito wa kuwa huru kukataa.

Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya ndoa. Mazungumzo ya kwanza kati yenu yafanyike miezi 6 kabla, na ikiwezekana kabla ya kutangaza tarehe. Mbadilishane orodha za mali miezi 4 kabla. Rasimu ya kwanza iwe tayari miezi 3 kabla. Na saini ziwekwe angalau mwezi mmoja kabla. Ikiwa leo umebakiwa na wiki 2, una njia tatu tu za heshima: kusogeza harusi mbele, kuacha mkataba kabisa, au kuoana kwanza na kuzungumzia mkataba wa baada ya ndoa, mradi sheria yenu inauruhusu. Njia ya nne, ya kukimbizana na karatasi usiku wa kuamkia harusi, huzaa hati ambayo haimlindi hata yule aliyeilazimisha.

Namna ya kuanzisha mazungumzo hayo huwatia watu hofu kuliko sheria yenyewe. Usianze na rasimu mkononi. Anza na karatasi ile ya hatua ya kwanza, na sema jambo la kweli kwa ufupi, kwa mfano: "Nimesoma sheria inavyosema kuhusu mali zetu tukishaoana, na kuna mahali inaniacha na wasiwasi kwa ajili ya watoto wangu. Ningependa tusome pamoja, halafu uniambie na wewe una wasiwasi gani." Kisha nyamaza usikilize. Mchumba anayejibu kwa vitisho, au asiyekuruhusu kuonana na wakili peke yako, amekwisha kukupa habari muhimu kuliko zote zitakazokuwamo katika orodha yake ya mali.

Hatua ya nne: Kama mmekwisha kuoana

Mkataba wa baada ya ndoa unaweza kuwa na maudhui yale yale, lakini sheria huutazama kwa jicho jingine, na hapa lazima uulize kwanza kama unakubalika mnakoishi. Afrika Kusini, waliokwisha kuoana wakitaka kubadilisha mfumo wao wa mali hulazimika kuomba idhini ya Mahakama Kuu, ilhali mkataba wa kabla ya ndoa husainiwa tu mbele ya notari, yaani ofisa wa sheria mwenye mamlaka ya kuthibitisha hati, kisha ukasajiliwa. Jimbo la Ohio nchini Marekani lilianza kuitambua mikataba ya baada ya ndoa mwaka 2023 tu. Nchini Kenya, sheria ya mali za wanandoa ya mwaka 2013 inataja waziwazi makubaliano yanayofanywa kabla ya ndoa, na inairuhusu mahakama kuyatengua ikiwa yalipatikana kwa udanganyifu au shinikizo, au ikiwa ni dhahiri kwamba si ya haki. Nchini Ufaransa wanandoa wanaweza kubadilisha mfumo wao wa mali kwa hati ya notari, na tangu mwaka 2019 hawalazimiki tena kusubiri miaka 2 baada ya ndoa.

Wakati mzuri wa kuufunga ni pale tukio la nje linapobadilisha hali ya mali: mmoja amepata urithi, anaanzisha biashara inayohitaji mkopo mkubwa, wabia wanataka ulinzi, mmoja anaacha kazi kwa ajili ya malezi, au familia inahamia nchi nyingine. Wakati mbaya ni pale mmoja amekwisha kuamua moyoni kuondoka na anatafuta saini ya mwenzake kabla hajamwambia. Wanandoa wanaopatana baada ya mtengano wako katikati ya hayo mawili. Mkataba unaweza kuwasaidia kuanza upya, lakini ukiwa umeandikwa wiki ile ile ya ugomvi, mwacheni wakili auweke kabatini miezi kadhaa kabla ya kuusaini.

Hatua ya tano: Weka kila kitu mezani

Kila mmoja aandike mali zake, madeni yake, kipato chake na urithi anaoutarajia kwa uhakika, kila kitu kikiwa na thamani yake na tarehe ya thamani hiyo, kisha orodha mbili ziambatanishwe na mkataba na kusainiwa kila ukurasa. Dhamana uliyomwekea ndugu benki ni deni linalosubiri, nayo iandikwe. Thamani ya biashara ikiwa haijulikani, andikeni kwamba ni makisio na yametokana na nini, kwa kuwa makisio yaliyotajwa wazi hayana madhara, ilhali akaunti moja iliyofichwa inaweza kuubomoa mkataba wote.

Hatua ya sita: Andika masharti yanayohesabika

Sentensi inayoonekana mara nyingi katika mikataba ya kujitungia ni hii: "Kila mmoja atabaki na mali yake." Inasikika kuwa wazi, lakini ijaribu kwa hesabu. Mke anaingia katika ndoa akiwa na nyumba yenye thamani ya 100 na deni la 60 juu yake, kwa hiyo chake halisi ni 40. Kwa miaka 10 wanalipa deni lote kwa mishahara ya wote wawili, na nyumba inapanda hadi 180. Wakiachana, mume anastahili nini? Kama nyumba yote ni "mali yake" mke, mume anapata 0. Kama anarudishiwa nusu ya deni walilolipa pamoja, anapata 30. Kama nyumba inagawanywa kwa uwiano wa jinsi ilivyolipiwa, asilimia 40 ya 180, ambayo ni 72, ni ya mke peke yake, na 108 inayobaki ni ya wote, hivyo mume anapata 54. Majibu hayo matatu yote yanatokana na sentensi ile moja, na kila wakili atachagua linalomfaa mteja wake. Mkataba mzuri huchagua jibu mapema, huandika kanuni yake, na huweka mfano wa hesabu kama huu ndani ya hati yenyewe.

Fanyeni hivyo hivyo kwa kila kitu kinachoweza kubadilika: faida ya biashara iliyorudishwa kuikuza, akiba ya uzeeni, mali ya urithi ikiuzwa na fedha zake kununulia kitu kingine, na deni ambalo mmoja amelichukua bila mwenzake kujua. Fikirieni pia kuweka masharti yanayobadilika kwa muda, kwa mfano sehemu ya mwenzi asiye na mali ikiongezeka kila baada ya miaka 5, kwa maana mgawanyo unaoonekana wa haki katika mwaka wa pili wa ndoa unaweza kuwa dhuluma katika mwaka wa ishirini na tano.

Yapo ambayo hamwezi kuyamaliza kwenye karatasi. Mahakama kwa ujumla hazikubali kufungwa na mkataba kuhusu nani atakaa na watoto au kuhusu matunzo yao, kwa sababu haki hiyo ni ya mtoto na hupimwa kwa hali ya wakati huo. Kumnyima mwenzi matunzo kabisa, kiasi cha kumwacha bila pa kulala, ni sharti linalovutia kubatilishwa. Masharti ya tabia, kama vile faini ya usaliti au ratiba ya kutembelea wakwe, yaacheni. Mahakama nyingi hazitayasimamia, na yanaifanya hati nzima ionekane kama mzaha.

Hatua ya saba: Mawakili wawili, kisha saini

Kila mmoja awe na wakili wake, aliyechaguliwa na yeye mwenyewe, hata kama ada italipwa na mwenzake mwenye uwezo. Hati iandikwe kwa lugha ambayo wote wawili wanaisoma vizuri, au itafsiriwe kwa maandishi kabla ya siku ya saini. Fuateni taratibu za nje kwa ukamilifu: Ujerumani, kwa mfano, huwataka wahusika wote wawili wawe mbele ya notari kwa wakati mmoja, na Afrika Kusini hutaka hati isajiliwe ndani ya miezi 3 ili iwe na nguvu dhidi ya wadai na watu wengine.

Baada ya hapo mkataba unahitaji kuishi nao. Aliyekubaliana kwamba fedha za urithi ni zake peke yake, kisha akaziweka katika akaunti ya pamoja na kuzitumia kwa miaka mingi kulipia nyumba ya familia, ameufuta mkataba wake kwa mikono yake. Upitieni upya mtoto anapozaliwa, mmoja anapopata maradhi ya kudumu au biashara inapouzwa. Na mkihamia nchi nyingine, muulizeni wakili wa huko kama hati yenu inatambulika kabla hamjanunua nyumba. Nakala halisi ziwe mbili, kila mmoja na yake, zikitunzwa pamoja na rasimu zote za awali na barua pepe mlizoandikiana, tarehe zikionekana, kwa kuwa siku mkataba utakapobishaniwa, jambo la kwanza litakaloulizwa ni lini kila mmoja wenu aliuona kwa mara ya kwanza.